Maisha ya mjini na afya ya akili: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Haya ni maswali ambayo yanarudi kila watu wakianza kuongelea mji na akili. Nimeyapanga kuanzia ya msingi mpaka yale ya hali za pekee, na pale jibu liliposhatolewa nitakurudisha kwenye namba yake badala ya kurudia.

## Ya msingi kwanza

1. Hivi kuishi mjini kunaleta ugonjwa wa akili kweli, au ni maneno tu ya watu?

Kuna ukweli, ila mji peke yake haukupi ugonjwa, unachofanya ni kuongeza uwezekano, na kwa watu wengine unaongeza zaidi kuliko kwa wengine. Mwaka 2010 watafiti wa Uholanzi walikusanya tafiti za nchi tajiri wakazipima pamoja, wakakuta matatizo ya hisia kama sonona yako juu mijini kwa asilimia 39 hivi kuliko vijijini, na matatizo ya wasiwasi asilimia 21.

Ukiisoma harakaharaka hiyo 39 inatisha, kwa hiyo tuifafanue. Tuseme kijijini watu 10 kati ya 100 wana sonona, basi mjini watakuwa kama 13 au 14. Wengine 86 hawana. Kwa hiyo tofauti ipo na ni kubwa ukizingatia kwamba zaidi ya nusu ya watu duniani wanaishi mijini tangu mwaka 2007, lakini haina maana kwamba ukishuka tu stendi na begi lako umeshaugua.

2. Stresi, sonona na wasiwasi si ni kitu kilekile?

Vinashikana ila sio kimoja. Stresi ni mwili na akili vinavyoitikia mzigo, mzigo ukitoka nayo inashuka. Wasiwasi ukizidi unabaki hata pale ambapo hakuna kinachokukimbiza, moyo unadunda, usingizi haukai, kichwa kinazunguka kwenye "itakuwaje". Sonona ni pale ambapo huzuni au kukosa hamu ya kila kitu kunakaa karibu siku nzima, karibu kila siku, kwa wiki mbili au zaidi, na kunaanza kukuharibia kazi, kula, kulala na mahusiano. Stresi ya muda mrefu inaweza kufungua mlango wa hizo nyingine mbili, ndo maana watu wanazichanganya.

3. Ni nini hasa mjini kinachochosha akili hivi?

Watu watakwambia "presha ya maisha" na wanaishia hapo, mimi naona hilo neno linaficha mengi. Mwaka 1903 mwanasosholojia wa Ujerumani Georg Simmel aliandika kwamba mtu wa mji mkubwa anapigwa na vitu vipya kila dakika mpaka anajijengea ubaridi wa kujikinga, na mwaka 1970 mwanasaikolojia wa Marekani Stanley Milgram akalisema kwa namna yake, kwamba mji unamwaga taarifa nyingi kuliko akili inavyoweza kupokea kwa hiyo mtu anaanza kukata, anapunguza salamu, anapunguza kuangalia watu usoni, anapunguza kujali.

Ila kuna jaribio moja ambalo kwangu linaeleza kuliko yote. Mwishoni mwa miaka ya 1960 Wamarekani wawili, David Glass na Jerome Singer, waliwakalisha watu kwenye kelele kubwa zisizotabirika huku wanafanya kazi. Kundi moja waliambiwa kuna kitufe, ukizidiwa bonyeza kelele zitaacha, ila tungependa usibonyeze. Wengi hawakubonyeza. Yaani walisikia kelele zilezile, kwa muda uleule. Lakini baadae walipopewa mafumbo magumu wale wenye kitufe walivumilia muda mrefu zaidi kabla ya kukata tamaa, na walipopewa maandishi ya kusahihisha walikosea kidogo kuliko wale wasio na kitufe.

Ndo mzizi wa mambo mengi ya mjini. Kinachokumaliza sana ni kelele, foleni, majirani, kodi na bosi ambavyo HUNA namna ya kuvizima wala kujua vitaanza saa ngapi. Mtu mwenye hela anaishi mji uleule na wewe, ila yeye ana vitufe vingi, ana ukuta mnene, ana uwezo wa kuhama, anachagua saa ya kutoka. Kwa hiyo ukichoka usijione dhaifu. Na majibu mengi huko chini ni ya kutafuta kitufe hata kimoja.

4. Je hali ni hiyo hiyo dunia nzima?

Hapana, na hapa watu wengi wanakosea. Takwimu za swali la 1 ni za nchi tajiri. Utafiti mmoja wa mwaka 2018 uliangalia nchi 42 za kipato cha chini na cha kati, ukatafuta kama watu wa mjini wana dalili nyingi zaidi za saikosisi, yaani kusikia au kuamini vitu visivyokuwepo, na ule uhusiano ambao Ulaya ya Kaskazini unajulikana sana haukuonekana. Pia kijiji sio pepo, Marekani kwa mfano watu wanaojiua ni wengi zaidi kwa uwiano vijijini kuliko miji mikubwa, na daktari wa akili kijijini mara nyingi hayupo kabisa.

5. Labda sio mji, labda watu wenye matatizo tayari ndo wanakimbilia mjini?

Swali zuri na ni la zamani. Mwaka 1939 Robert Faris na Warren Dunham walichora ramani ya Chicago wakaonyesha wagonjwa wa skizofrenia, ule ugonjwa mzito wa akili unaokuja na saikosisi, walikuwa wengi zaidi katikati ya mji kwenye mitaa ya kupanga vyumba, na wakapungua ukitoka kwenda pembeni. Tangu hapo wengine wakasema mitaa inaumiza watu, wengine wakasema hapana, watu wakiugua wanapoteza kazi na familia wanaishia kwenye vyumba vya bei rahisi.

Yote mawili yanatokea. Lakini watafiti wa Denmark, ambako kuna kumbukumbu za kila mtu tangu kuzaliwa, walionyesha mwaka 2001 kwamba kadiri mtoto alivyokaa miaka mingi mjini kabla ya kufika 15 ndivyo hatari yake ya skizofrenia baadae ilivyopanda. Mtoto hachagui pa kuishi kwa sababu anaumwa, kwa hiyo hoja ya "wanakimbilia tu" haitoshi peke yake.

## Kelele, usingizi, msongamano na foleni

6. Mimi nshazoea kelele, hata sizisikii. Bado zinanidhuru?

Ndio. Sikio halina kope. Ukiwa umelala lori likipita ubongo unalipokea, mapigo ya moyo yanapanda kidogo, usingizi mzito unakuwa mwepesi, na asubuhi hukumbuki kitu ila umeamka umechoka. Akili imezoea, mwili haujazoea sawasawa. Shirika la Afya Duniani kwenye mwongozo wake wa Ulaya wa 2018 linapendekeza kelele za barabara zisizidi wastani wa desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 53 kwa siku nzima, na usiku 45. Ongezeko la desibeli 10 sikio linalisikia kama sauti imekuwa mara mbili, kwa hiyo usione namba zimekaribiana ukadhani tofauti ni ndogo.

Mimi niliwahi kulala miaka kama miwili kwenye chumba kilichopakana na barabara kuu, nilikuwa nagombana na kila mtu nikijiona nina tabia mbaya, nilipohama ndo nikagundua kumbe nilikuwa sijalala.

7. Siwezi kuhama. Nifanyeje na kelele?

Anza na usiku, mchana utavumilia. Kama nyumba ina vyumba viwili, kitanda kiende upande usio na barabara hata kama chumba ni kidogo. Ziba nyufa za mlango na dirisha, maana sauti inapita panapopita hewa, na ufa mdogo unaharibu kazi ya ukuta mzima. Vizibo vya masikio vinasaidia sana na ni rahisi, ila kama una mtoto mdogo au mgonjwa wa kumsikiliza usiku pima kwanza. Sauti moja isiyobadilika kama ya feni inafunika zile za kushtukiza, ambazo ndo mbaya zaidi.

Taa pia. Mwanga mwingi usiku unachelewesha melatonini, homoni inayouambia mwili sasa ni usiku, basi weka pazia zito na simu ikae mbali na mto. Na kama kelele ni ya jirani, ongea nae mchana mkiwa wote mmetulia, usiende saa saba usiku umefura. Hata akikwambia tu "tunazima saa nne", tayari umejua itaisha lini, na hilo lenyewe linapunguza mzigo (rudi swali la 3).

8. Tunaishi wengi sana kwenye nyumba moja, nikiona mtu koridoni najificha. Nina shida gani?

Inawezekana huna shida yoyote wewe. Miaka ya 1970 Andrew Baum na Stuart Valins walilinganisha wanafunzi wa mabweni ya aina mbili huko Marekani. Nafasi ya kila mtu ilikuwa karibu sawa, ila kundi moja waliishi kwenye korido ndefu, watu zaidi ya 30 wanatumia choo kimoja na sebule moja, na kundi la pili vyumba viwili vitatu vinachangia sebule na choo chao. Wale wa korido walijisikia wamebanwa, walikwepa watu, na hata wakipelekwa sehemu nyingine kabisa walikaa mbali na mgeni.

Kwa hiyo tatizo kubwa la msongamano ni kukutana na mtu usiyemchagua kila unapofungua mlango. Kinachosaidia ni kugawa, kwa mfano mkubaliane nani anatumia bafu saa ngapi, au familia tatu zichangie jiko badala ya nane. Kama unaishi chumba kimoja na ndugu wengi basi hata saa moja ambayo kila mtu anajua ni ya fulani kukaa peke yake, pazia limeshushwa, hasemeshwi, inabadilisha mambo. Watu wanaona aibu kuomba hiyo saa, wanadhani wataonekana wanawachukia wenzao. Iombe.

9. Foleni inaniua. Ni mimi tu?

Sio wewe tu. Mwaka 2004 Daniel Kahneman na wenzake waliwauliza wanawake 909 wenye kazi huko Texas waeleze siku yao kipande kwa kipande na walivyojisikia, na safari ya asubuhi kwenda kazini ikaburuza mkia, chini hata ya kazi yenyewe. Ukiweza kuondoka nusu saa mapema ukasubirie karibu na kazini fanya hivyo, muda ni uleule ila ule wasiwasi wa kuchelewa umeuondoa. Ukitafuta nyumba mpya, usidanganyike na chumba kikubwa chenye safari ya saa mbili. Chumba utakizoea baada ya miezi michache, foleni kila siku ina sura mpya.

## Upweke

10. Inakuwaje nazungukwa na watu milioni na bado niko mpweke?

Kwa sababu upweke ni pengo kati ya mahusiano unayoyahitaji na uliyonayo, idadi ya watu waliokuzunguka haiingii humo. Shirika la Afya Duniani mwaka 2025 lilisema mtu 1 kati ya 6 duniani anasumbuliwa na upweke, Uingereza iliteua waziri wa kushughulikia upweke mwaka 2018 na Japani ikafuata 2021, kwa hiyo hauko peke yako kwenye upweke wako, ingawa najua hilo halikusaidii sana saa nne usiku.

Mjini unaongezeka kwa sababu watu wanahamahama, mtu uliyemzoea leo keshokutwa kahama, na ile tabia ya kukata mawasiliano (swali la 3) kila mmoja anaifanya kwa mwenzake mpaka nyote mnaonana wabaya.

11. Watu wa mjini hawana utu, ukianguka wanakupita. Kweli au uongo?

Mfano unaotajwa siku zote ni wa Kitty Genovese, aliyeuawa New York mwaka 1964, gazeti likaandika kwamba watu 38 waliona wakanyamaza. Baadae ikajulikana hadithi ilikuzwa, wengi hawakuona vizuri, na jirani mmoja alishuka akamshika mpaka msaada ulipofika.

Ila kisa hicho kilizaa utafiti wa John Darley na Bibb Latané mwaka 1968, waliokuta kwamba mtu akidhani wengine nao wamesikia anachelewa kusaidia au hasaidii kabisa, kila mmoja anategea mwenzake. Kwa hiyo ukipata shida kwenye umati usipige kelele kwa wote, chagua mmoja mwangalie machoni mwambie "wewe kaka mwenye shati la bluu, nisaidie". Akishachaguliwa ni vigumu akategea.

12. Nitaanzaje kupata watu, maana mimi sio mchangamfu?

Anza na sehemu, marafiki watafuata. Nenda sehemu ileile, siku ileile, saa ileile, kila wiki, iwe ibada, kwaya, mazoezi, darasa au kujitolea. Sura zikizoeana mazungumzo yanakuja yenyewe. Na usidharau salamu za juujuu, kondakta, mlinzi, muuzaji, hizo nazo zinalisha. Nicholas Epley na Juliana Schroeder, 2014, waliwaomba abiria wa treni Chicago waongee na mtu wasiyemjua, wengi walitabiri safari itakuwa mbaya, ikawa nzuri kuliko ya wale waliokaa kimya.

## Miti na bustani

13. Hii habari ya miti kutuliza akili ina ushahidi au ni mapambo?

Ushahidi upo. Mwaka 1984 Roger Ulrich alilinganisha wagonjwa 46 waliofanyiwa upasuaji wa kibofu cha nyongo kwenye hospitali moja ya Pennsylvania, nusu dirisha lao liliangalia miti na nusu ukuta wa matofali. Wa miti walitoka mapema na walitumia kidogo zaidi dawa kali za maumivu. Uingereza, 2019, utafiti wa watu karibu 20,000 ulikuta wanaopata dakika 120 au zaidi kwa wiki kwenye maeneo ya asili waliripoti afya na hali nzuri zaidi, haijalishi ni kwa mkupuo au kidogokidogo.

Unaonigusa zaidi ni wa Philadelphia uliotoka 2018, maana haukuishia kuangalia, walifanya kitu. Walichukua viwanja vitupu 541 vilivyojaa takataka, baadhi kwa bahati nasibu wakavisafisha wakapanda nyasi na miti michache, vingine wakaviacha. Wakazi wa jirani na vilivyopandwa nyasi, idadi ya waliosema wanajisikia wamevunjika moyo ilishuka kwa asilimia 41 hivi kulinganisha na wa vilivyoachwa, na kwenye mitaa maskini ilishuka zaidi. Nyasi tu na usafi. Hakuna aliyehamishwa, hakuna aliyepewa dawa.

14. Kwetu hakuna bustani kabisa.

Tafuta njia yenye miti hata kama ni ndefu kwa dakika tano, makaburi, uwanja wa shule, kingo za mto. Mmea dirishani haufanyi kazi ya msitu, lakini ni kitu unachokiendesha wewe. Na ikiwezekana muungane majirani mkasafishe kiwanja kimoja, hapo mtapata jibu la swali la 12 pia.

## Hali za pekee

15. Nirudi kijijini tu?

Inategemea unakimbia nini. Kama ni kelele na safari, kuhama mtaa kunaweza kutosha. Kama ni madeni au msiba au ndoa, vitapanda basi pamoja na wewe. Na kama unatumia dawa za akili hakikisha kwanza utazipata huko, usije ukaziacha ghafla. Nenda likizo ya wiki tatu nne kwanza ukajipime.

16. Nimehamia mji ambao hakuna watu wa kwetu. Ni hatari?

Ni mzigo wa ziada. Utafiti wa London Kusini wa mwaka 2001 ulionyesha kwamba watu wa jamii za wachache walipata skizofrenia zaidi kadiri walivyokuwa wachache kwenye mtaa wao. Kuwa na watu wanaoelewa lugha na utani wako kunakinga. Ukiweza kuchagua mtaa, karibu na wenzako ni bora hata kama nyumba ni duni kidogo.

17. Mtoto wangu anakulia mjini, nimuogopee?

Usiogope, ila mtengenezee mazingira. Mwaka 2011 watafiti wa Ujerumani waliwapa watu hesabu ngumu huku wanakosolewa, wakaona wakazi wa mjini amigdala, sehemu ya ubongo inayoshughulika na hofu, iliwaka zaidi, na waliokulia mjini sehemu nyingine inayoiongoza ile amigdala ilifanya kazi tofauti. Lakini pia Denmark, 2019, kwenye kumbukumbu za watu zaidi ya 900,000, waliokulia penye kijani kidogo kabisa walikuwa na hatari kubwa zaidi ya matatizo ya akili, mpaka asilimia 55 juu, hata baada ya kuhesabu kipato cha wazazi. Mpeleke kwenye nyasi, alale kwa wakati, awe na mtu mzima mmoja asiyemuogopa.

18. Ndugu yangu ameanza kusema majirani wanamrekodi. Ni stresi ya mji?

Usisubiri. Kusikia sauti, kuamini anafuatiliwa, kujifungia, kuacha kuoga au kulala, hasa kwa kijana, ni dalili za kupelekwa kwa daktari wa akili mapema, maana matibabu ya mapema yanaleta matokeo mazuri zaidi. Usibishane nae kuhusu majirani, mwambie "naona hulali na unaogopa, twende tukatafute msaada wa hilo". Kama anavuta bangi mwambie daktari, kwani bangi hasa iliyoanzwa ujanani inaongeza hatari ya saikosisi.

19. Nitajuaje sasa ni wakati wa kuona mtaalamu?

Kipimo ni wiki mbili za swali la 2, au mapema zaidi kama kazi na kula vimeshindikana, au pombe imekuwa ndo dawa ya kulalia. Na kama umeanza kufikiria kufa au kujidhuru basi ni leo, mwambie mtu mmoja kwa maneno ya waziwazi asikuache peke yako, vitu vya hatari viondolewe chumbani, nenda hospitali yoyote yenye huduma ya dharura au piga namba ya dharura ya nchi uliyopo. Kama ni mwenzako ndo anaonyesha hivyo, muulize moja kwa moja kama anafikiria kujiua, kuuliza hakumpandikizii wazo.

20. Mtaalamu ni ghali, mimi sina hela. Basi?

Anza kituo cha afya cha kawaida, wahudumu wengi wa ngazi ya chini wamefundishwa kupima sonona na wasiwasi. Zimbabwe daktari wa akili Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 na bibi 14 wa Mbare, Harare, akawafundisha kukaa na mtu kwenye benchi nje ya kliniki na kumsaidia kutatua shida zake, na utafiti uliotoka 2016 ulionyesha waliokaa na washauri hao walikuwa na dalili chache baada ya miezi sita kuliko waliopata huduma ya kawaida. Kwa hiyo msaada wa kweli hauhitaji lazima ofisi na vyeti vingi.

Njia yao unaweza kuianza na mtu mzima unayemuamini, mwenye uwezo wa kusikiliza bila kukuhubiria. Unamwaga shida zote, kodi, mume, usingizi, kazi, yeye anasikiliza tu. Halafu mnachagua MOJA, sio kubwa kuliko zote, ile inayoweza kusogezwa. Mnatafuta hatua ambayo unaweza kuifanya kabla ya wiki kuisha, kama kwenda kuongea na mwenye nyumba kuhusu kulipa nusu nusu. Wiki inayofuata mnakaa tena, unasema ilikwendaje, ikishindikana mnajaribu hatua nyingine, ikifanikiwa mnachukua shida ya pili.